Kiwanja cha Mtaa Si Kitupu: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Usanifu wa Mandhari

Mchoro wangu wa kwanza wa eneo la wazi ulikuwa na bustani ya duara katikati, njia nne za pevingi zinazokutana hapo, na maua ya rangi tatu. Niliuchora kwa wiki sita. Nilipoubandika kwenye ukuta wa ofisi ya serikali ya mtaa, katika bonde moja la Dar es Salaam, mama mmoja aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, sasa turubai la msiba tutalifunga wapi?"

Sikuwa na jibu. Kiwanja nilichokiandika kwenye ripoti kuwa "hakitumiki" ndicho mtaa mzima ulipolalia matanga, ulipochezea ngoma za harusi, ulipofanyia mikutano, na watoto walipopigia chandimu kila jioni. Nilikuwa nimekwenda mara mbili tu, zote saa nne asubuhi, siku za kazi. Nikaona vumbi na makopo. Watu sikuwaona kwa sababu muda huo walikuwa kwenye shughuli zao.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi anayeanza studio ya maeneo ya umma, awe Chuo Kikuu Ardhi, awe JKUAT kule Juja, au popote fani hii inapofundishwa. Mifano yangu mingi ni ya Dar es Salaam kwa kuwa ndiko ninakokujua. Ukiwa Nairobi, Mwanza au Zanzibar, hatua ni zilezile. Utabadilisha hesabu za jua na mvua, na majina ya viongozi wa kuwaona.

Hatua ya 1: Jitambulishe, kisha ujue ardhi ni ya nani

Kabla ya futi kamba, barua. Chukua barua ya utambulisho chuoni uipeleke ofisi ya serikali ya mtaa. Waone wote wawili, mwenyekiti aliyechaguliwa na wakazi na mtendaji aliyeajiriwa na halmashauri, kwa sababu mmoja anajua watu na mwingine anajua mafaili. Zanzibar utaanza kwa sheha, Kenya kwa chifu na msimamizi wa wadi. Shikamoo itangulie, kazi ifuate. Omba mjumbe mmoja akutembeze mara ya kwanza.

Hili si la heshima peke yake. Wakazi wa miji yetu wameshaona wapimaji wengi wakija na vifaa, na baada yao alama nyekundu ya X kwenye kuta. Mtu anayepima bila kujieleza wanamchukulia kuwa ni mtangulizi wa tingatinga, na wana sababu ya kuogopa. Jieleze kila unapoulizwa, hata mara ya ishirini. Sema wazi kwamba wewe ni mwanafunzi, huna fungu la ujenzi, na mchoro wako si ahadi ya serikali wala ya chuo.

Ukishajulikana, nenda idara ya mipango miji ya manispaa uombe kuuona mchoro wa mipango miji wa eneo hilo. Unataka kujua jambo moja: kiwanja kimeandikwa nini? Kinaweza kuwa eneo la wazi, hifadhi ya barabara, uwanja wa shule, au kiwanja cha mtu ambacho hajakijenga. Kama kiko kando ya mto au bahari, kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60. Baraza la zege utakaloliweka hapo litakuwa kosa kisheria hata liwe zuri namna gani, lakini miti, nyasi na njia ya udongo vinaweza kujadiliwa.

Usiidharau hatua hii kwa kuona ni ya makaratasi. Maeneo ya wazi yanamegwa kidogo kidogo, mwaka huu fremu ya duka, mwaka ujao ukuta. Mwaka 1989 hata Uhuru Park ya Nairobi ilipangiwa jengo la ghorofa 60, na lilizuiwa kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walisimama kupinga. Mchoro wako unaweza kuwa hati ya kwanza inayoonyesha kwa vipimo kwamba kiwanja kina kazi na kina wenyewe.

Hatua ya 2: Kaa

Hii ndiyo hatua ninayotaka uipe muda mrefu kuliko zote. Sichoki kuisema, kwa sababu ndiyo niliyoiruka.

Chapisha ramani ya eneo kwa skeli ya 1:200 au 1:500, nakala kumi na tano. Nenda alfajiri, saa nne asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku. Nenda siku ya kazi, nenda Ijumaa, nenda Jumapili. Kila unapokwenda kaa saa nzima mahali pamoja na nakala mpya ya ramani. Weka nukta kwa kila mtu aliyesimama au kuketi, na mshale kwa kila anayepita. Tumia rangi tofauti kwa wanawake, wanaume, watoto na wazee. Pembeni andika wanachofanya kwa maneno yao: wanacheza bao, wanasuka, wanasubiri abiria, wanaanika dagaa, wanachota maji, "tumekaa tu."

Ukizipanga nakala zote moja juu ya nyingine, kiwanja "kitupu" kitajaa. Utaona bodaboda wanahama na kivuli, asubuhi upande huu wa mwembe na alasiri upande ule. Utaona mama lishe amekaa pale alipo kwa sababu moshi wake unakwenda barabarani na hauingii madirishani kwa watu. Utaona wasichana wa sekondari wanazunguka mbali jioni ili wasipite mbele ya kijiwe fulani. Hakuna dodoso litakaloandika hayo kwa usahihi huo.

Angalia sana njia za mkato, zile ambazo miguu imezichonga hadi nyasi zikakata tamaa. Zipime upana na uzichore kama unavyochora barabara. Mtu anayebeba ndoo kichwani hatageuza kona ya nyuzi 90 kwa sababu wewe umependa mistari iliyonyooka. Ukiiziba njia ya mkato kwa kitalu cha maua, maua yatakanyagwa ndani ya wiki, na utalaumu watu kwa kosa la mchoro.

Picha piga kwa ruhusa. Watoto usiwapige picha za nyuso bila mzazi kukubali, hata kama wao wenyewe wanakurukia wakitaka.

Hatua ya 3: Pima

Huhitaji vifaa vya gharama. Futi kamba ya mita 50, kamba ya fundi, vigingi vya kuchomeka ardhini, pimamaji, na mpira wa plastiki unaoonyesha wenye mita 15 uliojazwa maji. Mpira huo ndio utakaokupa mwinamo wa ardhi: maji kwenye ncha zake mbili husimama usawa mmoja, kwa hiyo ukipima kutoka ardhini hadi kwenye maji kila upande, tofauti ya vipimo viwili ni tofauti ya kimo cha ardhi. Fukuza mapovu kwanza, maana povu moja tu linadanganya. Gawa kiwanja kwa miraba ya mita 5, pima kila kona ya mraba, na utaweza kuchora mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, wewe mwenyewe.

Kabla ya kwenda, tazama OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Dar es Salaam ina bahati hapo: tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora nyumba, njia na mitaro ya kata nyingi zinazofurika. Data hizo ni za bure na zinafunguka kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya ramani ambayo nayo ni ya bure. Ila usizichukue kama msahafu. Mtaro ulioonekana wakati ule unaweza kuwa leo umefunikwa au umejaa takataka. Tembea nao kutoka mwanzo hadi unapoishia.

Miti iliyopo ipime yote: unene wa shina kwenye usawa wa kifua, upana wa kivuli, na kimo cha tawi la chini kabisa. Weka pia alama kwenye nguzo za umeme, nyaya zinapopita, mabomba ya maji na mifuniko ya chemba. Mwembe wenye kivuli cha mita 12 umekaa miaka mingi kuliko utakayokaa wewe chuoni, na mchoro unaoanza kwa kuukata nauona umeanza vibaya.

Hatua ya 4: Soma jua

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Maana yake jua la adhuhuri haliko upande mmoja mwaka mzima. Mwezi Juni linapita kaskazini, na kivuli cha mti wa mita 6 huanguka upande wa kusini, kama mita 3 na nusu kutoka kwenye shina. Desemba linapita kusini na kivuli kinahamia kaskazini, kifupi zaidi. Mapema Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba, linapita utosini kabisa. Kivuli kinakaa miguuni pa mti.

Lakini jua la adhuhuri silo linalowafukuza watu kwenye benchi. Linalowafukuza ni la saa nane hadi saa kumi na mbili, linaloingia kwa chini kutoka magharibi. Ikifika saa kumi alasiri, kivuli cha mti ni kirefu kuliko mti wenyewe na kinalalia upande wa mashariki. Kwa hiyo mti wa kivuli cha alasiri haupandwi juu ya benchi, unapandwa magharibi yake, umbali wa mita 3 hadi 6 kutegemea utakavyokua. Nimeona mabenchi mengi mjini ambayo kivuli chake kinaangukia lami nyuma ya mgongo wa mtu.

Fanya jaribio hili: simika ufito wa mita 2 katikati ya kiwanja, na kila baada ya saa moja weka jiwe kwenye ncha ya kivuli. Watoto watakusaidia kwa furaha, na jioni utakuwa na mchoro wa jua ambao hata mzee asiyesoma ramani anauelewa.

Hatua ya 5: Soma maji

Kumbuka hesabu moja tu: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Dar es Salaam hupata kama milimita 1,100 kwa mwaka, nyingi zikimiminika kwenye masika ya Machi hadi Mei, na zinazobaki kwenye vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kiwanja cha mita 40 kwa 30 ni mita za mraba 1,200. Ikinyesha milimita 50 siku moja, jambo ambalo si geni kabisa, hapo pameanguka lita 60,000, sawa na matangi 12 ya lita 5,000. Ukikisakafu chote kwa zege, karibu maji yote hayo unamsukumia jirani wa chini.

Ndiyo maana naomba usisakafu kisichohitaji sakafu. Njia kuu iwe ya pevingi, sawa. Uwanja wa mpira uwe udongo. Pembezoni, mahali ambapo ardhi tayari imeshuka, chimba bustani ya mvua: bonde la kina cha sentimita 25, kingo zenye mwinamo wa taratibu, ndani yake mimea inayovumilia kulowa na kukauka. Lenye ukubwa wa mita za mraba 60 litashika hadi lita 15,000, robo ya mvua ile. Lazima likauke ndani ya siku moja au mbili. Mbu wanahitaji takriban wiki moja kutoka yai hadi kuruka, na hakuna mkazi wa bondeni atakayekusamehe kwa kumletea bwawa la mbu mlangoni. Kwa hiyo jaribu udongo kwanza: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache linyonye, lijaze tena na uhesabu muda. Mchanga wa pwani hunywa maji haraka. Mfinyanzi wa bondeni unaweza kukaa nayo siku nzima, na hapo bustani ya mvua itahitaji kokoto chini na njia ya kutolea maji kwenda mtaroni.

Sakafu yoyote iinamishe sentimita 2 kwa kila mita, na ujue inainamia wapi. Andika mishale ya maji kwenye kila mchoro.

Kisha waulize wazee: "Maji yalifika wapi?" Watakuonyesha ukutani. Mafuriko ya Desemba 2011 bado yanakumbukwa katika bonde la Msimbazi, na baada yake familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Chora mstari huo wa maji kwenye mikato yako yote, yaani michoro inayoonyesha ardhi kama imekatwa na kutazamwa ubavuni. Chini yake usiweke soketi za umeme, wala choo, wala chumba cha kuhifadhia vitu.

Hatua ya 6: Zungumza, lakini si kwa kuuliza "mnataka nini?"

Ukiuliza hivyo kwenye mkutano wa hadhara utajibiwa na watu wanne, wote wanaume, na watataka ukumbi. Uliza kuhusu jana. "Mama, jana ulipita hapa saa ngapi? Ulikuwa na nani? Ulisimama? Kwa nini hapo?" Mtu anayesimulia siku yake hutoa habari nyingi kuliko anayeombwa kutamani.

Kutana na makundi kwa nafasi yake: akina mama kwenye kikao chao cha vikoba ikiwa watakukaribisha, vijana wa bodaboda kijiweni kwao, wazee penye kahawa, watoto baada ya shule. Watoto wape chaki. Waambie wakuchoree wanapocheza rede, kombolela na chandimu, na wanapoogopa kwenda. Kwa watu wazima mchoro wa karatasi mara nyingi ni ukuta kati yako na wao. Afadhali utandaze kamba na majivu ardhini, ukubwa wa kweli kabisa: "Hapa ndiyo njia, hapa ndiyo baraza." Watu wataingia ndani yake, watakaa, watasema ni finyu. Fundi ataivuta kamba mwenyewe. Nilichojifunza kwa saa moja ya kamba sikukipata kwa wiki mbili za madodoso.

Hatua ya 7: Andika nini kinabaki kabla ya nini kinaongezwa

Orodha ya kwanza iwe ya vilivyopo visivyoguswa: mwembe, njia ya mkato ya kwenda kisimani, nafasi ya mama lishe, chandimu, turubai. Kila kimoja kipe vipimo. Turubai nililolipima mtaani kwetu lilichukua mita 6 kwa 12, lakini msiba si turubai tu. Kuna jiko la nyuma lenye masufuria makubwa na kuni, kuna mahali pa wanawake na pa wanaume, kuna njia ya kupitisha jeneza bila kugeuza, na kuna gari linalorudi kinyumenyume. Vyote hivyo ni nafasi, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye orodha yangu ya kwanza ya mahitaji ya kiwanja.

Forodhani pale Zanzibar, bustani iliyokarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture na kufunguliwa tena mwaka 2009, itazame kwa jicho hili. Wauza chakula cha jioni ndio roho ya mahali pale, na wamebaki kuwa sehemu ya bustani. Ukarabati ambao ungewaondoa ungetuachia ukingo mzuri wa bahari usio na harufu ya mishikaki.

Hatua ya 8: Chora

Fanya mapendekezo matatu yanayotofautiana kweli, usifanye moja kwa rangi tatu. Mpango wa jumla uwe 1:200, mikato 1:100 au 1:50, vipengele vya fundi 1:20. Mikato ndiyo itakayokusema ukweli. Ramani inaficha mteremko. Mkato unaonyesha mtoto anaona nini na maji yanakwenda wapi.

Vipimo vya kukumbuka ni vichache. Njia ya watu wawili kupishana, mita 1.5. Njia ya kiti cha magurudumu ipande sentimita 1 kwa kila 12 za urefu, kwa hiyo kupanda sentimita 45 kunahitaji mita 5.4, usiibane. Ngazi, kimo sentimita 15 na kanyagio 30. Vichaka visizidi kimo cha goti au paja, na matawi ya miti yaanze juu ya mita 2, ili anayepita usiku aone na aonekane.

Kuhusu viti, sisi tuna baraza. Pwani yote, kuanzia Lamu hadi Kilwa, watu wameketi karne nyingi kwenye kingo za mawe zilizojengwa pamoja na nyumba. Baraza la kimo cha sentimita 45 na upana wa 50 linakalika, linalalika, linauzia ndizi, linachezea bao, linazuia gari na linakinga mmomonyoko. Halina skrubu ya kuibiwa wala ubao wa kuoza. Kila unapotaka kuchora benchi la chuma ulilolipakua mtandaoni, jiulize kama baraza halifai.

Hatua ya 9: Chagua miti kama unayechagua jirani

Mkungu ndio ninaoanza nao pwani. Matawi yake hujitandaza kwa ngazi kama miavuli iliyopangwa, unavumilia chumvi na upepo, na unakua haraka. Utadondosha majani makubwa mekundu, kwa hiyo usiuweke juu ya mtaro ulio wazi. Mwarobaini hauchagui udongo na watu wanaulinda wenyewe kwa ajili ya dawa. Mkwaju ni wa polepole, lakini kivuli chake chepesi ni cha kupumzisha kweli. Panda mmoja kwa ajili ya wajukuu. Mwembe na mzambarau vina matunda, na penye matunda pana mawe ya watoto, basi viwekwe mbali na madirisha na mabati. Mzambarau unatia rangi sakafu. Mnazi ni mzuri kwenye picha, ila kivuli chake ni haba, na nazi ikianguka juu ya mtu si mchezo. Mvinje unafaa ufukweni kukinga upepo.

Mkrismasi, ule unaowaka mwekundu kuelekea mwisho wa mwaka, naupenda sana, lakini mizizi yake iko juu juu na huinua pevingi. Fikasi ni mbaya zaidi, inatafuta mabomba. Na miashoki, ile mirefu myembamba iliyojaa kwenye mageti, haimpi mtu kivuli cha kukaa. Kwenye eneo la umma siioni kazi yake, isipokuwa kuficha ukuta.

Nyasi ni ukoka, tena kwenye jua tu. Chini ya mti mkubwa na mahali pa mpira nyasi hazitaota, acha mchanga uliofagiliwa. Kiwanja kilichofagiliwa kwa chelewa kila asubuhi kina uzuri wake, wenye mistari kama mkeka, na hatuna sababu ya kuuonea haya.

Panda mwanzoni mwa masika, si siku ya sherehe. Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na samadi, mche wenye kimo cha mita moja au zaidi, na uzio wa mianzi au miti dhidi ya mbuzi. Baada ya mvua kuisha, ndoo moja au mbili kwa wiki hadi vuli. Andika kwenye mchoro jina la kundi litakalomwagilia. Ukikosa jina, punguza idadi ya miti.

Hatua ya 10: Nani atafagia?

Kamati za mtaa huchoka zisipopata hata fedha ya kununua ufagio. Kibera, Nairobi, Kounkuey Design Initiative, shirika la usanifu lililoanza mwaka 2006, limejenga maeneo ya umma pamoja na vikundi vya wakazi, na wazo lao la kufunga pamoja uwanja wa watoto na vitu vinavyoingiza kipato, kama vyoo na vibanda vya biashara, ni la kuiga. Kwenye mchoro wako weka basi genge mbili tatu au choo cha kulipia, kwa ukubwa wa kiasi, na uonyeshe kwa hesabu rahisi kama kodi yake inatosha mfagizi, maji na kubadilisha taa. Kwa mitaro na njia za mtaa ongea mapema na TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Mtaro wako lazima uungane na wao.

Hatua ya 11: Wasilisha mtaani kwanza, chuoni baadaye

Jopo la chuo litakuuliza kuhusu dhana. Mtaa utakuuliza kuhusu turubai. Ukishajibu swali la mtaa, la jopo linakuwa jepesi. Tengeneza modeli ya maboksi ya kadibodi yenye nyumba za kweli kuzunguka kiwanja, maana watu hutafuta nyumba zao kwanza, kisha ndipo wanaanza kuzungumza. Acha nakala moja iliyochapishwa ofisini kwa mtendaji, yenye vipimo na tarehe.

Hatua ya 12: Rudi baada ya masika

Mchoro wangu wa pili uliacha katikati wazi, mita 10 kwa 16, mikungu ikiwa pande mbili. Kwenye kingo za baraza nilichora vikulabu vya chuma vya kufungia kamba za turubai. Wakazi walichangishana, wakajenga baraza moja tu na kupanda miche tisa. Niliporudi mwezi Juni, sita ilikuwa hai. Mmoja ulikuwa umeliwa na mbuzi, na miwili ilikufa kwenye kona ambapo maji yalituama siku tatu, kona niliyoichora kuwa mwinuko kwa sababu siku ile ya kupima sikufukuza mapovu kwenye mpira. Vikulabu vilikuwa vimepata kutu ya kamba zilizolowa, vilikuwa vimetumika. Yule mama alinikuta nimechuchumaa pale kwenye kona nikipima upya, akaniletea kigoda.